Mrithi na Mnunuzi: Juu ya Kuchagua Mbegu za Nyanya

Neno nyanya katika Kiswahili lina kazi mbili. Ni tunda jekundu litiwalo mchuzini, na kwa watu wengi wa pwani na wa Kenya ni mama wa baba au mama wa mama. Kama maneno haya yamekutana kwa sadfa au kwa nasaba ni shauri la wanaisimu, nao wana kazi nyingine nyingi. Lililo wazi ni kwamba msemaji wa Kiswahili aambiwapo kuwa Marekani na Ulaya kuna nyanya ziitwazo za urithi, mbegu ambazo ajuza mmoja alimpa binti yake, naye akampa binti wa binti yake, hahitaji kufafanuliwa sana. Lugha yake imekwisha kuyaweka mambo hayo mawili chini ya paa moja. Kwa hiyo ana haki, pengine kuliko mwenye lugha nyingine, ya kuuliza kama wale wanaojinasibu na nyanya hizo leo wamerithi kitu chochote.

Kila mwezi wa Januari, wakati bustani za Iowa na Ohio zimelala chini ya theluji, orodha za wauza mbegu huingia majumbani zikiwa na picha za rangi. Mwenye nyumba hukaa karibu na moto akazifunua. Huchagua nyanya nyeusi kwa kuwa ni nyeusi; huchagua ya milia kwa kuwa jirani hana ya milia; huchagua nyingine kwa sababu imeandikwa chini yake kwamba mbegu zake zilivuka bahari zimeshonwa katika upindo wa gauni. Pakiti huwa kumi, mara huwa ishirini. Mwezi wa Mei hupanda, mwezi wa Agosti hula na kupiga picha, mwezi wa Oktoba jalidi huua miche yote, na mashina hung'olewa yakatupwa jaani pamoja na matunda ya mwisho. Januari inayofuata orodha huja tena, na mtu yule yule hukaa karibu na moto ule ule. Akiulizwa afanya nini, hujibu kuwa anahifadhi urithi.

Hahifadhi kitu. Ananunua. Kununua si dhambi, na wauza mbegu wanahitaji kula kama watu wengine. Walakini mnunuzi na mrithi ni watu wawili, na lugha isiyowatenga itakuja kupoteza maana ya maneno yote mawili. Mrithi ni mtu aliyekabidhiwa, na aliyekabidhiwa ana wajibu wa kukabidhi. Mbegu ikiingia bustanini mwake na isitoke humo, basi imekatikia mkononi mwake, japokuwa jina lililoandikwa juu ya pakiti lina miaka mia.

Wataalamu wenyewe hawakupatana juu ya maana ya nyanya ya urithi. Wengine hudai umri wa miaka 50. Wengine huweka mpaka katika mwisho wa Vita Kuu ya Pili, 1945, kwa sababu baada ya hapo mbegu chotara zilianza kutawala maduka. Mwaka 1949 kampuni ya Burpee ilitoa chotara iitwayo Big Boy, na jina lake likaenea Marekani nzima. Katika jambo moja tu wote hupatana: mbegu ya urithi sharti izae mfano wake. Mtu akipanda mbegu zilizotoka katika tunda la chotara, watoto hutawanyika, huyu na sura ya babu, huyu na sura ya shangazi, na mkulima hurudi dukani. Mbegu isiyo chotara huzaa yaliyo yake mwaka hata mwaka. Sifa hii ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ndiyo isiyoonekana katika picha za rangi. Umri ni pambo tu. Mwenye kulipia mbegu iwezayo kurudishwa ardhini kisha asiirudishe amefanana na mtu anunuaye msahafu wa khati nzuri akauweka juu ya rafu, uonwe na wageni.

Hebu tazama jinsi nyanya hizi zilivyopata kuwako mpaka leo. Mwaka 1975 mume na mke, Kent Whealy na Diane Ott Whealy, walianzisha katika Missouri chama cha kubadilishana mbegu, ambacho sasa chajulikana kwa jina la Seed Savers Exchange na makao yake yako karibu na Decorah, Iowa. Chanzo chake kilikuwa mbegu za aina mbili ambazo mke alipewa na babu yake: za ua litambaalo, na za nyanya iitwayo German Pink, ambayo wazee wa ukoo huo waliitoa Bavaria katika karne ya 19. Babu alikuwa amekwisha kuzeeka. Lau mjukuu asingaliomba, nyanya ile ingalifuatana na mwenyewe kaburini, kama zilivyokwenda nyingine nyingi ambazo hata majina yao hayakubaki. Katika habari hii hamna orodha wala picha. Kuna mzee mmoja aliyekuwa na mbegu na kijana mmoja aliyenyosha mkono.

Habari ya Mortgage Lifter ni tamu zaidi, nayo ni ya kuwafadhaisha wapenda ukale. Jina lake maana yake ni mwondoa rehani. Katika miaka ya 1930 alikuwako Logan, West Virginia, fundi mmoja jina lake M. C. Byles, ambaye watu walimwita Radiator Charlie kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutengeneza rejeta za malori yaliyochemka kupanda milima. Hakuwa mwanachuoni wa mimea. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alipanda miche kumi ya nyanya kubwa kubwa alizozijua katika duara, akaweka mmoja wa German Johnson katikati, akautia mche ule wa katikati chavua ya wenzake. Mwaka uliofuata alipanda mbegu zake, akachagua miche mizuri, akaifanya vile vile. Na kwa miaka kadhaa hakuchoka, mpaka nyanya ikatulia ikawa yazaa mfano wake. Kisha akauza miche, kila mmoja dola 1, na watu walisafiri mbali kuifuata. Katika miaka 6 alilipa deni la nyumba yake, dola 6,000.

Sasa na waulizwe wale wasemao kwamba mbegu huheshimiwa kwa ukongwe: katika miaka ya 1940, mtu aliyesimama mbele ya Byles na dola yake mkononi alikuwa akinunua nini? Alikuwa akinunua kitu kipya kabisa, mchanganyiko wa juzi uliofanywa na fundi wa magari. Kama jirani zake wangalikuwa na akili ya wasoma orodha wa leo, wangalimcheka wakaenda kutafuta nyanya yenye hadithi ya watawa. Mbegu ile imekuwa ya urithi baadaye, kwa sababu moja tu, nayo ni kuwa walioipata walitoa mbegu zake wakawapa wengine. Kadhalika Paragon, ambayo Alexander Livingston wa Reynoldsburg, Ohio, aliitoa mwaka 1870: Livingston alikuwa mfanyabiashara, akitafuta tunda laini, la mviringo, lisilo na makunyanzi, liwezalo kuuzwa. Leo Paragon yatajwa pamoja na mabibi wa zamani, kana kwamba haikupata kuona soko.

Upo ushahidi wa namna nyingine katika Cherokee Purple. Mwaka 1990 mtu mmoja wa Tennessee alimpelekea Craig LeHoullier, mkemia aliyekuwa akilima nyanya nyumbani kwake Raleigh, North Carolina, bahasha ya mbegu na barua. Barua ilisema kuwa mbegu zile zilikuwa za nyanya ya zambarau ambayo Wacherokee waliwapa majirani kiasi cha miaka mia iliyotangulia. Nyanya haikuwa na jina. LeHoullier aliipanda, akaliona tunda lenye rangi ya jeraha lililovilia damu, akaipa jina, akawagawia wenye maduka madogo ya mbegu. Leo hulimwa katika mabara mengi. Kama simulizi ya Wacherokee ni kweli tupu, hapana awezaye kuapa. Hilo halikumzuia kuitunza. Alikuwa na mbegu chache na stempu, akafanya lililompasa kila mtu mwenye mbegu chache na stempu.

Brandywine, malkia wa orodha zote, huambatanishwa na Waamishi, watu wanaokataa mambo mengi ya kisasa, na picha ya farasi na kigari huiuza sana. Lakini Brandywine ya waridi ijulikanayo sana iliingia Seed Savers Exchange mwaka 1982 kwa mkono wa Ben Quisenberry wa Ohio, naye aliipata kwa jamaa ya Tennessee iliyoilima zaidi ya miaka 80. Na jina lile lile la Brandywine limo katika orodha ya wauza mbegu ya mwaka 1889, juu ya nyanya nyekundu. Farasi na kigari vimetoka katika kalamu ya muuzaji. Hadithi haimei. Mtu akichagua nyanya kwa hadithi yake, amechagua karatasi.

Kwa upande wa pili wako wataalamu wa kilimo ambao huzicheka nyanya hizi zote, na wao nao wastahili kusikilizwa, maana katika maneno yao mna ukweli mwingi usiopendeza. Wasema kwamba nyanya za bustani, ijapokuwa zina rangi na maumbo elfu, ni ndugu wa karibu sana. Mmea ulitoka magharibi ya Amerika ya Kusini, ambako jamaa zake wa porini wangali wakiota, ukafugwa Mexico, ukachukuliwa na Wahispania karne ya 16. Na kila mara ni mbegu chache tu zilizosafiri. Kinga dhidi ya maradhi ilibaki nyuma, porini. Herufi ziandikwazo juu ya pakiti za leo, V na F kwa minyauko miwili ya ukungu, N kwa minyoo ya mizizi, kwa sehemu kubwa ni zawadi za nyanya za mwitu, zilizotiwa katika nyanya za bustani kwa kazi ndefu ya wataalamu wa karne ya 20. Charles Rick wa Davis, California, alitumia umri wake kuzikusanya mbegu hizo za mwitu katika Andes. Ajuza wa Tennessee hakuwa nazo. Basi mtu apandaye Brandywine katika udongo wenye mnyauko atazika miche yake kabla ya tunda la kwanza kuiva, na utukufu wa kale hautamsaidia.

Hayo ni kweli. Lakini wataalamu hao hao walipewa miaka mingi ya kuchagua, na walichokichagua chajulikana. Mwaka 2012 watafiti, miongoni mwao Ann Powell wa Davis, walieleza katika jarida la Science jambo ambalo mpishi yeyote alikuwa amekwisha kulishuku. Kwa kiasi cha miaka 70 wazalishaji walichagua nyanya ziivazo sawasawa, zisizo na mabega ya kijani, kwa kuwa mkulima huona vyepesi wakati wa kuzichuma. Badiliko hilo liliharibu jeni moja ambayo kazi yake ni kuliongezea tunda bichi uwezo wa kujitengenezea sukari kwa mwanga wa jua. Uzuri wa dukani ulilipwa kwa utamu. Mwaka 2017 kundi la Denise Tieman na Harry Klee wa Florida lilichunguza aina 398 za nyanya, za kisasa, za kale na za mwitu, likaona kuwa nyingi za kisasa zimepungukiwa na kemikali zile ziletazo ladha. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hakuna aliyezionja tu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kuwa kila nyanya ya kale ni tamu. Ziko zilizo maji matupu, ziko chachu zisizo na lolote jingine, na ziko ambazo zingalitupwa zamani kama zisingalikuwa na milia. Chotara iliyoivia mtini katika ua wa nyumba huishinda nyanya ya urithi iliyochumwa mbichi ikasafirishwa siku nne. Ladha ni ya aina, na ni ya jua, na ni ya subira ya mchumaji. Mwenye kuiuza kama sifa ya jina pekee yake ni mwongo, hata akiwa mwongo mwenye nia njema.

Zama hizi upepo huo wa majina umefika Afrika ya Mashariki, na pamoja nao tafsiri mbaya. Watu huandika nyanya za asili. Asili ya wapi? Nyanya ni mgeni kwa Mombasa kama ilivyo mgeni kwa Naples, na pwani hata jina lake halikukubaliwa na wote, maana Unguja wasema tungule. Mwenye kutaka kilicho cha asili hasa katika jamii hiyo na atazame nyanya chungu, tunda la Kiafrika lililokuwa likipikwa barani humu kabla ya meli yoyote ya Kihispania kuiona Mexico. Lakini nyanya chungu haina orodha yenye picha za rangi, na mbegu zake hazikushonwa katika upindo wa gauni la mtu. Kienyeji halifai zaidi, kwa kuwa hutumika kwa dharau. Urithi ndilo neno, kwa sharti kwamba litumike kwa haki.

Na haki huanza katika kuchagua. Mtu wa Dar es Salaam aagizaye Brandywine kutoka ng'ambo amechagua majani. Nyanya hupenda jua lakini haipendi usiku wa moto: usiku ukipita kiasi cha digrii 21 za Selsiasi na mchana ukapita 32, chavua hudhoofika, maua hupukutika, na nyanya zenye matunda makubwa ndizo huumia kwanza. Katika miezi ya kaskazi usiku wa pwani haushuki kufika huko hata alfajiri. Brandywine, ambayo kwao huchukua siku 80 hadi 100 baada ya kuhamishwa kutoka kitaluni, itajaza ua mzima majani mazuri mfano wa majani ya viazi ulaya, na mwenyewe atakula tunda moja, alipige picha. Lushoto na Iringa ni shauri jingine. Huko baridi ya usiku yatosha, ila bakajani hungoja ukungu wa asubuhi. Pwani, mwenye busara hupanda mbegu zake zikomae katika kipupwe, na huchagua matunda madogo au ya wastani.

Tena kuna jiko. Nyanya zisifiwazo sana katika orodha za Marekani ni nyanya za mkate: kubwa, laini, za kukatwa vipande vipana na kutiwa chumvi. Sifa hiyo ni ya kweli mahali pa mkate. Nyumba ipikayo mchuzi wa nazi kila siku yataka nyanya yenye nyama nyingi na maji machache, isiyohitaji saa nzima ya moto ili ikauke. Na nyumba ipendayo kachumbari yataka ngozi nyembamba na uchachu. Waitaliano wa kandokando ya Naples waliijua haja yao wakaitunza San Marzano. Hawakuichagua kwa kuwa ni ya milia.

Wapenda majina watacheka wakisikia Roma ikitajwa hapa. Roma! Nyanya ya sokoni, ya makopo, ambayo kila duka la pembejeo la Kenya na Tanzania laijua. Ilitolewa na wataalamu wa serikali ya Marekani mwaka 1955. Imepita miaka 70. Si chotara, huzaa mfano wake, na ile iandikwayo VF ina kinga dhidi ya minyauko iliyotajwa juu. Kadhalika Moneymaker, aina ya Kiingereza iliyopata sifa katika nyumba za vioo na kulimwa Afrika ya Mashariki tangu zamani. Kadhalika Tanya na Tengeru 97, zilizoidhinishwa Tanzania mwaka 1997 baada ya kazi ya wataalamu wa Tengeru, karibu na Arusha. Zote hizo zaweza kurudishwa ardhini. Hazina hadithi ya watawa, na juu ya pakiti zake mna picha mbaya. Mjane wa Tanga ambaye kwa miaka 15 ametoa mbegu katika mche bora wa Tengeru 97, akaupenda mmoja uliovumilia joto la ua wake kuliko wenzake, akaendelea na watoto wa huyo, amefanya kazi ile ile ya Byles. Msomaji wa orodha akipita mbele ya ua huo hataona kitu.

Mambo haya hayakuwa mchezo kwa kila mtu. Nchini Kenya sheria ya mbegu ilikuwa ikimtishia mkulima auzaye au abadilishanaye mbegu zisizothibitishwa kwa kifungo cha miaka 2 au faini ya shilingi milioni 1. Mwaka 2022 wakulima 15 waliishtaki serikali, na mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu hivyo vyapingana na katiba. Wakulima hao hawakuwa wakitetea rangi ya zambarau. Walitetea tendo la kumpa jirani mbegu juu ya ua bila ya kuogopa askari. Ni ajabu kwamba mahali ambapo watu wamepewa tendo hilo bure, na barua zafika salama kutoka North Carolina hadi Oregon, wengi hawalitendi, nao ndio wajiitao wahifadhi.

Basi achague mtu aina ngapi? Mbili zatosha. Moja iwe ya matunda madogo, ambayo haitamwangusha hata mwaka mbaya. Moja iwe ya kupikia, au ya mkate kama kwao ni mkate, iliyokwisha kulimwa na mtu mwingine katika hewa kama ya kwao. Swali la kwanza la kumwuliza muuzaji lisiwe lile la nyanya hii ni ya kale kiasi gani, bali mbegu hizi zilikomaa katika ardhi ya wapi. Mwenye aina ishirini katika ua mdogo hawezi kuzijua. Atajua majina yao tu, kama mwalimu wa darasa lililofurika. Hawezi pia kuzitenga. Nyanya kwa kawaida hujichavusha yenyewe ndani ya ua lake, lakini baadhi ya aina za kale, hasa zenye majani ya viazi na zenye matunda makubwa, hutoa sehemu ya kike nje ya ua, na nyuki hufanya kazi yake. Aina mbili zilizotengwa kwa hatua kadhaa, au shada moja la maua lililofungwa kitambaa chepesi mpaka tunda lishike, ni jambo jepesi. Aina ishirini zilizobanana ni sokoni, na watoto wao hawatajua baba zao.

Kutoa mbegu kwenyewe ni kazi ya mtoto, na pengine ndiyo sababu watu wazima huidharau. Huchaguliwa kwanza mche, si tunda: mche uliosimama wakati wenzake wameugua, uliozaa mapema na kuendelea kuzaa, na ni heri miche michache kuliko mmoja, isije aina ikawa na pumzi fupi. Matunda huachwa mtini mpaka yamepita kuiva. Hukatwa kati, mbegu na ute wake zikakamuliwa katika kikombe pamoja na maji kidogo, na kikombe huachwa kivulini siku mbili au tatu, mpaka utando wa uchachu ufunike juu na harufu iwachukize waliomo nyumbani. Uchachu huo huyeyusha ute ambao huizuia mbegu isiote, na huondoa baadhi ya maradhi. Kisha maji hujazwa. Mbegu nzuri huzama, kapi huelea na kumwagwa. Husuuzwa katika chujio, zikaanikwa juu ya sahani, wala si juu ya karatasi, maana hung'ang'ania karatasi kama ngozi ya mwili. Wala si juani pakali. Zikikauka hata zikavunjika badala ya kupinda, huwekwa katika bahasha, jina na mwaka vikaandikwa, na bahasha ikatiwa chupani mahali pakavu na baridi. Huko zaweza kukaa miaka minne au mitano na kupita hapo, zikiwa na uhai.

Tunda moja la kadiri hutoa mbegu mia na zaidi. Nyumba yenye ua mdogo yahitaji miche sita, na kwa tahadhari na zitiwe mbegu kumi kitaluni. Mbegu tisini zinazobaki zimo ndani ya bahasha juu ya rafu ya jikoni, karibu na chumvi, na jirani yuko upande wa pili wa ua akimwagilia mchicha.